BAHARI ILIYOPATA JOTO ZAMANI, NA BAHARI YETU YA LEO

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa mwambao, khasa wavuvi na wachuuzi wa samaki, wamekuwa wakituuliza katika darasa zetu juu ya hali ya bahari. Wauliza: Je, ni kweli yasemwayo kwamba bahari yapata joto na maji yake yabadilika tabia? Na kama ni kweli, je, hiyo ni kadari tusiyoweza kuigusa, au ni kazi ya mikono ya watu? Wengine wamekwisha kujijibu wenyewe, na majibu yao ndiyo yaliyotutia khofu zaidi kuliko hilo joto. Kwani kuna anayesema, "Bahari ina wenyewe, tuwape kafara." Na kuna anayesema, "Mungu ndiye ajuaye, sisi hatuna letu." Wote wawili wamekaa wakingoja, na mwenye kungoja hafanyi kitu. Kwa hivyo tumeona yatupasa kuieleza khabari hii kwa urefu, kwanza kama ilivyo katika elimu ya ardhi, kisha kama inavyopimwa kwa mizani ya dini.

Yajulikana kwa wataalamu wa mawe na matabaka ya ardhi ya kwamba bahari ya dunia iliwahi kupata joto kubwa kabla ya kuwako mwanadamu, si mara moja. Tukio moja ambalo limechunguzwa sana ni la miaka milioni 56 iliyopita, lililokuwa mpaka baina ya zama mbili ziitwazo Paleosini na Eosini. Wakati huo hewa ukaa, ile wanayoiita kabonidayoksaidi, ilimwagika angani na baharini kwa wingi mno. Wengi katika wataalamu waona ya kwamba volkano kubwa zilizopasuka upande wa kaskazini wa Atlantiki, baina ya Greenland na Ulaya, zilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Dunia ikapata joto lililozidi kwa nyuzi 5 hata 6 za Selsiasi juu ya lile lililokuwapo. Hata bahari iliyo karibu na ncha ya kaskazini, ambayo sisi twaijua kwa barafu, maji yake ya juu yalipita nyuzi 20.

Mtu atauliza: yamejulikanaje haya, na hapakuwa na shahidi? Shahidi ni udongo wa chini ya bahari. Humo baharini mna vidudu vidogo mno, viitwavyo foraminifera, ambavyo hujijengea magamba ya chokaa. Vikifa, magamba yao huteremka chini, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama daftari asiyoichoka mwandishi wake. Katika magamba hayo mna alama zenye kujulisha kiasi cha joto la maji waliyoishi ndani yake. Mwaka 1987 merikebu ya uchunguzi ilitoboa chini ya bahari karibu na bara la Antaktika, ikatoa udongo huo. Na mwaka 1991 wataalamu wawili, James Kennett na Lowell Stott, wakatangaza waliyoyasoma ndani yake: joto la ghafula, na kufa kwa viumbe vingi vya vilindini. Baina ya thuluthi na nusu ya aina za foraminifera waliokaa chini kabisa ya bahari walitoweka, wasirudi tena.

Mwaka 2003 merikebu ikatoboa tena mahali paitwapo Walvis, upande wa kusini-magharibi wa Afrika. Huko udongo wa chini ni mweupe kwa wingi wa magamba. Lakini walipofika kwenye tabaka la wakati ule, weupe ulikatika, pakawa na udongo mwekundu mtupu. Magamba yalikuwa yameyeyuka. Wakapima, wakaona ya kwamba ule mpaka wa kilindini ambao chini yake magamba hayawezi kudumu ulikuwa umepanda zaidi ya kilomita 2, kwa muda uliopungua miaka 10,000. Na kabla bahari haijarudi katika hali yake, ilipita miaka zaidi ya 100,000.

Wala shahidi huyu hayuko mbali nasi. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, upande wa Kilwa na Lindi, uko udongo wa mfinyanzi uliokuwa zamani chini ya bahari, nao umeyahifadhi magamba hayo safi kama kioo. Wataalamu wa Uingereza, akiwamo Paul Pearson, wakishirikiana na Watanzania, wameutoboa na kuusoma. Wameona ya kwamba maji ya juu ya bahari hii hii yetu, ambayo tayari yalikuwa na joto, yaliongezeka kama nyuzi 3 au zaidi. Na ziko dalili ya kwamba mvua nazo zilibadili mwendo, ukame ukazidi, kisha zikaja mvua za nguvu zilizokokota udongo wa bara mpaka baharini.

Huenda msomaji asielewe vipi hewa iwezayo kuyeyusha gamba. Na achukue kauri, au kipande cha ganda la yai, akikamulie ndimu au akitie siki. Ataona povu latoka, na gamba laliwa kidogo kidogo. Kitu kilichomo katika gamba, na katika tumbawe hai, na katika mawe yaliyojengewa nyumba na misikiti ya kale ya Mombasa na Lamu, ni kimoja: ni chokaa. Na chokaa na uchachu havikai pamoja. Wazee wetu walipochoma matumbawe ili wapate chokaa ya kujengea, kilichotoka katika jiwe kwa moto kilikuwa ni hewa ukaa hiyo hiyo iliyofungwa ndani yake. Basi hewa hii ikizidi angani, bahari humeza sehemu yake, na ikichanganyika na maji huzaa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo haiyageuzi maji ya bahari kuwa ndimu, hasha. Lakini huyapunguza madini ambayo tumbawe, chaza, kome na vidudu vidogo huyatumia kujijengea. Na huko vilindini, yakipungua sana, hata gamba lililokwisha kujengwa huyeyuka.

Hiyo ndiyo khabari ya kale. Sasa tuitazame ya leo.

Tangu watu walipoanza kuchoma makaa ya mawe, na mafuta, na gesi, kwa ajili ya viwanda na vyombo vya safari, hewa ukaa iliyoko angani imepanda kutoka sehemu 280 katika kila milioni hata kupita 420. Bahari imemeza kama robo ya hewa hiyo tunayoitoa, na imemeza zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto lililozidi. Kipimo cha uchachu wa maji yake ya juu, kiitwacho pH, kimeshuka kutoka 8.2 hadi kama 8.1. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa namna kipimo hicho kilivyopangwa, maana yake ni kwamba uchachu umezidi kwa zaidi ya robo. Na jambo la kuogofya zaidi ni mwendo wake. Wataalamu wakadiria ya kwamba katika tukio lile la miaka milioni 56 kaboni iliyotoka kwa mwaka ilikuwa kama tani bilioni 1, au pungufu ya hapo. Leo watu watoa kama tani bilioni 10 kila mwaka kwa kuchoma tu. Yaani moto wa volkano wa zamani ulikwenda kwa mguu, na wa kwetu wapanda farasi.

Na sisi wa mwambao tumekwisha kuonjeshwa. Mwaka 1998, mwishoni mwa kaskazi, maji ya Bahari Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe kutoka Kiunga mpaka Kisite yakageuka meupe. Katika sehemu nyingi zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Mwaka 2016 weupe huo ulirudi tena. Na kila mvuvi ajua ya kwamba tumbawe ndilo nyumba ya tafi, na changu, na pono. Nyumba ikivunjika mwenye nyumba huhama, na dema hutoka maji tupu. Kwa hivyo si mazungumzo ya wasomi tu haya. Ni riziki ya watoto, ni deni la dukani, ni kijana aliyeuacha ufundi wa babake kwa kuwa bahari haimlishi.

Sasa tuzijibu hoja nne tunazozisikia.

Hoja ya kwanza yasema kwamba kuzungumza miaka mamilioni ni kuipinga dini. Twajibu: sivyo. Katika Sura ya Ankabut, aya ya 20, Mola wetu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna alivyouanzisha uumbaji. Mwenye kuamrishwa kutazama hakukatazwa kuhesabu. Na wanazuoni wa Kiislamu ndio waliotangulia katika jambo hili. Al-Biruni, aliyeishi yapata miaka elfu iliyopita, aliandika ya kwamba jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari, akatoa dalili kwa magamba yaonekanayo watu wachimbapo visima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya milima inayojengeka kwa muda mrefu mno, na juu ya viumbe vya majini vilivyogeuka mawe. Hapana aliyewaambia wamekufuru kwa kuyasoma mawe. Lakini pia hatusemi ya kwamba Qur'ani imeitaja khabari ya mwaka fulani wa kale. Anayezilazimisha aya kusema yasiyokuwamo ameikosea adabu Qur'ani. Kwani makadirio ya wataalamu yaweza kurekebishwa kesho, na neno la Mungu halirekebishwi.

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi machoni pa watu. Yasema: ikiwa bahari ilipata joto kabla ya binadamu, bila ya viwanda wala magari, basi na joto la leo ni la Mungu pia, na sisi hatuna lawama. Twajibu kwa mfano. Radi yaweza kuteketeza msitu, na msitu umekwisha kuteketea kwa radi mara nyingi tangu dunia kuumbwa. Je, anayekamatwa na kiberiti mkononi na nyumba ya jirani yawaka, kadhi atamwachilia akisema kwamba moto ulikuwako kabla yake? Khabari ya kale haituondolei lawama, bali yatuzidishia. Kwa sababu yatufundisha desturi ya Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, ya kwamba hewa hii ikizidi bahari huugua, awe aliyeizidisha ni mlima au ni mtu. Mlima hauna akili wala hautahesabiwa. Mtu anayo, naye atahesabiwa. Na katika Sura ya Rum, aya ya 41, tumeambiwa waziwazi ya kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, wapate kurejea. Tuyatie moyoni maneno hayo ya mwisho: makusudio ya kuonjeshwa ni kurejea. Asiyerejea ameipoteza faida ya adhabu pamoja na machungu yake.

Na ama yule ashikaye kadari kama mto wa kulalia, na akumbuke khabari ya Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia ya kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu ya kwamba naam, anakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari nyingine ya Mungu. Na Nabii Yusuf, alipojua kwamba miaka saba ya njaa yaja, hakusema kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Aliweka nafaka katika mashuke yake. Hao ndio waliomjua Mungu zaidi yetu, na kumtegemea kwao kulikuwa ni kwa kufanya kazi.

Hoja ya tatu ni ya wale wapelekao kafara baharini na mapangoni, wakachinja na kumwaga vyakula ili wenye bahari waridhike. Ndugu zetu, bahari haina mwenyewe ila Mwenyezi Mungu, ambaye katika Sura ya Nahl, aya ya 14, ametukumbusha ya kwamba yeye ndiye aliyeitiisha kwa ajili yetu, tule humo nyama mpya na tutoe mapambo. Kumwendea mwingine kwa jambo lake ni shirki, na shirki ni dhulma kubwa. Tena ni khasara ya dunia pia; kwa kuwa mwenye kuchinja beberu pangoni hurudi nyumbani akidhani amekwisha kutenda lililompasa, na tumbawe laendelea kufa. Beberu huyo angalimlisha mjane wa mvuvi ingalikuwa ni sadaka, na sadaka ina thawabu kwa Mola wake.

Hoja ya nne yasema: waliochafua ni mataifa makubwa, sisi tumefanya nini? Hapa pana haki, wala hatuifichi. Hewa ukaa itokayo Kenya ni hisa ndogo mno katika ya dunia nzima, na walioifaidi mioshi hiyo kwa zaidi ya karne moja ni wengine. Dhulma hiyo itajwe, na ilalamikiwe kila mahali pa kulalamika, na wenye deni wadaiwe. Sharia yetu yakataza mtu kumdhuru mwenziwe. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, alitupigia mfano wa watu waliopanda merikebu moja, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa fungu lao ili wapate maji kwa karibu, wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Leo merikebu yatobolewa na wale wa daraja ya juu. Lakini hukumu ni ile ile: asiyezuia huzama pamoja na mtoboaji.

Na je, sisi wenyewe mikono yetu i safi? Ni nani akataye mikoko usiku? Ni nani avutaye juya lenye matundu madogo, likikokota mpaka vitoto vya samaki na kuvunja matumbawe? Ni nani atupaye mifuko na machupa ufuoni, kisha akaingia msikitini kutawadha? Tumbawe lililokwisha kuvunjwa na nyavu na kufunikwa na uchafu ni kama mgonjwa mwenye njaa. Homa ikija haliwezi kuistahimili. Joto la dunia hatuwezi kulizuia peke yetu, lakini kumwongezea mgonjwa jeraha twaweza kujizuia, na kwa hilo tutaulizwa sisi, si watu wa Ulaya.

Tena mfano mwema tunao karibu. Huko Gazi, katika Kwale, wenyeji wameilinda na kuipanda mikoko kwa mpango waliouita Mikoko Pamoja. Mikoko huivuta hewa ukaa na kuizika katika tope kwa muda mrefu. Nao hupata malipo kwa hewa hiyo iliyozikwa, na fedha zimetumika kwa maji na kwa skuli za kijiji. Hawakungoja serikali wala hawakungoja muujiza. Walipanda. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande.

Basi twawanasihi ndugu zetu mambo haya. Makhatibu waitaje amana ya bahari katika khutba zao, kama wataavyo amana ya mali ya yatima. Wazee wa mabandari wakutane na wavuvi wao, wakubaliane juu ya nyavu za halali na sehemu za kupumzishwa, na wasimstahi jamaa wala mwenye mali. Walimu wa madrasa wawatoe watoto kwenda kupanda mikoko. Kila mwenye nyumba aache israfu ya maji na ya moto. Kwani imepokewa katika Sahihi mbili ya kwamba Mtume wetu alitawadha kwa mudd moja tu ya maji, na mudd ni kiasi cha kujaa viganja viwili. Na wenye kuweza kusema mbele ya wakubwa waseme, kwani kunyamaza kwa msomi ni ruhusa kwa mwenye kufisidi.

Liko fundisho moja la mwisho katika khabari ile ya kale. Bahari ilipona. Mvua iliyaosha mawe ya bara, mawe yakaipelekea bahari madini yake, uchachu ukapungua, na udongo mweupe ukarudi juu ya ule mwekundu. Mizani ya Mwenyezi Mungu haikuvunjika. Lakini dawa hiyo ilichukua miaka zaidi ya laki moja, na waliokufa hawakurudi. Basi asitudanganye mtu kwa kusema kwamba bahari itajiponya. Naam, itajiponya, kwa mwendo aliouwekea Mola wake. Tunayemkhofia ni mvuvi na mwanawe, ambao umri wao ni miaka sitini au sabini, na chakula chao ni cha leo jioni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku elimu yenye manufaa na nguvu ya kuitenda, atulindie bahari yetu na waliomo juu yake na ndani yake, na atujaalie katika wale wanaoonjeshwa wakarejea. Amin. Wabillahi tawfiq.